Kukagua Nyumba kwa Tumbo Tupu

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kwanza kununua nyumba. Wengine wote walijenga, na kujenga kwetu ni kuanza na chumba kimoja cha mbao, kuongeza kingine mvulana akitoka jandoni, kuongeza cha tatu pesa za kahawa zikija vizuri, halafu kufa kabla ya plasta. Mimi nilikaa Doha miaka kumi na mmoja nikarudi na pesa ya nyumba nzima, yenye plasta. Sikupewa na mwanamume, sikuchangiwa na chama, na wala sikuombewa ikawa. Hilo la mwisho nalisema mapema kwa sababu kuna watu kanisani kwetu wanaotoa ushuhuda kwamba nyumba yangu ni matunda ya maombi yao ya Jumatano. Jumatano mimi nilikuwa natandika vitanda vya watu.

Tena nilikuwa natandika vizuri. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyoisomea hapa hapa Meru kwa karo iliyotoka kwenye ndizi za mama, na kule Doha nilianza kama msafishaji nikaishia msimamizi wa vyumba, ghorofa nne nzima chini yangu. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Nikiingia chumbani, wasichana wa usafi wanaacha kupumua. Napitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kutazama tangu dunia iumbwe, na kidole kikitoka na vumbi chumba kinarudiwa. Kwa hiyo niliporudi na kuanza kutafuta nyumba, wazo kwamba nahitaji mtu wa kunisaidia kukagua lingenichekesha. Ingekuwa kama kumtafutia askofu mwalimu wa kusema amina.

Haraka ilikuwepo. Mama alikuwa anaishi Mitunguu kwenye kipande cha shamba ambacho marehemu baba alikilima maisha yake yote, lakini kwa karatasi ni cha ndugu yake. Baba mdogo alikuwa amemwambia, kwa upole wa Kikristo, kwamba mvua zikianza angependa kupanda ndizi pale nyumba ya mama ilipo. Upande wangu, akiba niliyokuja nayo ilitosha nyumba moja. Si nyumba moja na marekebisho. Nyumba moja. Nikikosea, mama hana pa kwenda na mimi narudi Doha kuanza tena na ufagio, na watu wa Doha nilikuwa nimeshawaaga kwa keki.

Nyumba niliyoipata ilikuwa juu ya Makutano, mahali unaposikia malori bila kuyaona. Vyumba vitatu, ukuta wa mawe, na kiambaza cha mbele kilichopakwa rangi ya maziwa. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka kuhamia karibu na watoto wake Nairobi. Mara ya kwanza nilienda na dalali bila kupiga simu. Mwalimu hakuwepo, mkewe akanizungusha huku akiomba msamaha mlango kwa mlango kwa sababu hakuwa amepika. Nikakagua kikamilifu. Nikapitisha kidole juu ya fremu zote, kikatoka safi. Nikanusa bafu. Nikainua godoro lao, mbele ya mke wa mwalimu, kwa mazoea tu. Nikavuta maji ya choo. Nyuma ya nyumba nikasimama kusifu migomba yao, mashina manene kama mapaja, na mkungu mmoja mzito hivi kwamba walikuwa wameutegemeza kwa gogo. Mama wa nyumba akasema kwa unyenyekevu kwamba ni Mungu. Nikaipa nyumba alama zote, nikaenda kumwambia mama aanze kufunga virago.

Kilichoniokoa ni kuringa. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Embu, ambaye tulikaa naye chumba kimoja Doha na ambaye alikuwa ametangulia kununua nyumba yake kule Embu mjini, ili ajue kwamba sasa tuko sawa. Nikamweleza kila kitu mpaka godoro. Akauliza kama niliangalia dari.

"Niliangalia. Ni nyeupe kabisa."

"Sijauliza rangi. Uliingia?"

Sikuwa nimeingia. Sikuwa najua kwamba dari ni mahali pa kuingia. Akanieleza kwamba yeye, kabla ya kutoa hata shilingi, alimwita mzee mmoja anayekagua nyumba, na kwamba mzee huyo alimkataza mbili, ya tatu ndiyo anayoishi. Nilimwambia kwetu Meru nyumba iliyosimama imejikagua yenyewe. Akasema sawa, akanitumia namba ya mzee, akakata simu. Watu wa Embu hawabishani. Wanakutumia namba.

Mzee alikuwa amesimamia majengo ya serikali maisha yake yote ya kazi, na baada ya kustaafu alikuwa akiwakagulia watu nyumba kwa ada. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu nyumba. Aliuliza kama mwenyewe ni Mmeru.

"Ni mwalimu," nikasema.

"Hilo si jibu. Unataka mtu wa Embu aje Meru amwambie mwenyewe kwamba nyumba yake ni mbovu, halafu arudi kwake na meno yote?"

Nikamwambia sisi watu wa Meru tunasingiziwa tu hasira, na nikagundua nimelisema hilo nikifoka. Akacheka, akakubali kuja, kwa masharti. Nitafute ngazi. Niwepo mwanzo mpaka mwisho, nisimwache peke yake halafu nije kuulizia matokeo kama mgonjwa. Na nisile.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Usile kwao," akarudia. "Hata chai. Ukishakunywa chai ya mtu utaona haya kumwambia choo chake kinavuja."

Hapo nilijua mzee anawajua watu wake, na wangu pia. Kwetu jambo hufungwa kwa chakula. Mahari hufungwa kwa chakula, ugomvi wa mpaka hufungwa kwa chakula, na mtu anayeuza kitu kikubwa hupika kabla ya bei kutajwa, si baada. Ukishakaa mezani ukamaliza paja la kuku na mukimo, wewe si mnunuzi tena. Wewe ni mgeni, na mgeni hagongi ukuta wa watu kusikiliza kama una uwazi ndani. Baba yangu alinunua ng'ombe asiyeona jicho moja kwa njia hiyo. Jicho aliliona. Lakini alikuwa ameshakula.

Siku ya ukaguzi nilimpokea mzee Makutano asubuhi. Alikuwa mfupi, amevaa gambuti, amebeba mfuko wa turubai uliochakaa na chupa ya uji wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino na gauni la rangi ya zambarau, kwa sababu nilikuwa naenda kuonekana nikinunua nyumba. Alinitazama kutoka chini kwenda juu.

"Madam, umekuja kununua ama kuolewa?"

Tulipofika hakuingia. Alivuka barabara akaiangalia nyumba kutoka mbali, muda mrefu hivi kwamba wapita njia nao wakaanza kuiangalia. Kisha akaniuliza mvua ikinyesha maji yanaenda wapi. Nikasema kwenye mtaro. Mtaro upi? Nikageuka kuutafuta. Mtaro ulikuwepo, upande wa juu, umejaa majani ya migomba. Akaniambia niandike. Nikatoa daftari, na hapo ndipo niliposhika kazi, kwa sababu kuandika makosa ya chumba ni kitu ninachokijua kuliko walio wengi katika kaunti hii.

Alinifundisha pia namna ya kuuliza. Nilikuwa nimeanza na swali kama hii ni nzuri, hii ni mbaya. Akaniambia hilo ni swali la kumfurahisha anayejibu. Niulize hiki ni nini, kimekuwa hivi kwa nini, na nikikiacha hivi hivi miaka mitano kitakuwa nini. Maswali matatu. Nimeyatumia tangu siku hiyo kwa nyumba, kwa gari, na kwa mwanamume mmoja wa Nkubu.

Mwalimu na mkewe walitoka kutupokea mlangoni. Mwalimu alikuwa mrefu, na suti ya kahawia na kalamu mbili mfukoni, mtu aliyezoea kusalimiwa darasa likiwa limesimama. Mkewe alikuwa na aproni, na nyuma yake harufu ya kuku ilikuwa imekuja pamoja naye kutusalimia. Na nyuma ya harufu, mezani, nikamwona mama yangu. Alikuwa ameondoka Mitunguu alfajiri ili asikose, amefika saa mbili nzima kabla yetu, na sasa alikuwa kwenye sahani ya pili. Alinipungia paja.

Mzee alikataa chakula akisema daktari amemkatazia mafuta. Mama wa nyumba akanigeukia mimi. Nilitafuta uongo haraka nikapata ule ambao katika nchi hii hakuna mtu anayeweza kuupinga. Nikasema nimefunga.

"Bwana asifiwe," akasema, akaondoa sahani yangu kwa heshima kubwa.

Mwalimu hakufurahi. Alituambia, huku akitabasamu, kwamba yeye ameishi ndani ya nyumba hii karibu maisha yake yote ya ndoa, na kama ingekuwa na shida ingekuwa imeshamwambia. Mzee akamjibu kwamba ni kweli, ila nyumba nyingine ni nyamavu. Kisha akaomba ngazi, na ngazi ilipokuja akanikabidhi mimi.

Nilimwambia yeye ndiye mkaguzi.

"Na anayenunua ni nani?"

Nikavua viatu nikapanda. Ninataka iandikwe mahali fulani kwamba nilipanda darini kwa gauni la zambarau, mbele ya mwalimu mstaafu aliyegeukia ukuta kwa adabu, na sikuomba mkono wa mtu. Mzee akapanda nyuma yangu na tochi. Juu kule kulikuwa na dunia nyingine. Panya walikuwa wamefungua tawi lao. Mahali fulani waya za stima zilikuwa zimeunganishwa na kuzungushiwa pakiti ya maziwa, na bado uliweza kusoma kwamba maziwa ni freshi. Nilishtuka nikataka kushuka na kuondoka. Mzee alinizuia. Akapiga mbao za paa moja moja kwa bisibisi, akanionyesha kwamba ni ngumu, hazina wadudu, na hakuna alama ya maji popote. Paa lilikuwa zuri sana. Waya zilikuwa kazi ya fundi ya nusu siku.

"Mimi siji kukutafutia sababu ya kukataa," akasema. "Kila nyumba ina madogo. Andika madogo upande huu wa daftari. Upande ule mwingine andika yale yanayotembea."

Yanayotembea, akaeleza, ni ukuta unaohama, sakafu inayozama, maji yanayoingia. Hayo ndiyo hula watu.

Tulishuka tukaendelea. Tukafungua mabomba yote kwa pamoja huku nikivuta maji ya choo, mabomba yakalia kama mbuzi lakini maji yakaja. Nikachomeka chaja ya simu kwenye kila soketi; mbili zilikuwa mapambo. Madirisha, milango, bawaba. Upande wa madogo ulikuwa umejaa, upande wa yanayotembea mweupe kabisa, na nilikuwa nimeanza kuhesabu ni kitanda gani kitakaa wapi. Ndipo tukaingia jikoni.

Jikoni ndiko kulikonifanya niipende nyumba ile. Kulikuwa nyuma, kumeongezwa baadaye, kukubwa kuliko sebule, na vigae vipya vya rangi ya mchanga vinavyong'aa kama vya hoteli yangu. Mzee alitoa gololi mfukoni mwake, gololi ya kawaida ya watoto, akaiweka katikati ya sakafu. Gololi ikafikiria kidogo, kisha ikaondoka yenyewe, ikapita mbele ya viatu vya mwalimu, ikaingia chini ya jiko la gesi. Akairudisha. Ikaenda tena kule kule.

Akapiga magoti, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Ko, ko, ko. Karibu na jiko sauti ikabadilika, ikawa nene na ya mbali, kama kugonga pipa.

"Hiyo ni taili ya nguvu, mzee," mwalimu akasema kutoka mlangoni.

Mzee alikubali kwamba taili ni ya nguvu. Akainuka, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akasimama akiiangalia migomba. Nikaiangalia pia, na hapo damu ikanipanda usoni.

Mimi ni mtoto wa Mitunguu. Nimezaliwa ndani ya ndizi. Hakuna mtu anayehitaji kuniambia mgomba unanenepa hivyo kwa sababu gani bila samadi. Kwetu choo cha shimo kikijaa kinafukiwa, juu yake unapandwa mgomba, na choo kipya kinachimbwa hatua chache mbele. Tumekula ndizi hizo utotoni na hakuna aliyeuliza. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale wiki mbili kabla, na diploma yangu, nikiisifu migomba mitatu iliyojipanga kwenye mstari ulionyooka kama wanafunzi wa mwalimu, nikaambiwa ni Mungu, nikakubali.

Mzee akatembea kutoka mgomba wa mbali mpaka wa kati. Hatua saba. Kutoka wa kati mpaka wa karibu. Hatua saba. Halafu akaniambia nimalizie mimi. Niliondoka kwenye mgomba wa karibu kuelekea nyumba, peku, nikihesabu kwa sauti, na hatua ya saba ilinikuta nimeingia jikoni, mguu wangu mmoja mbele ya jiko la gesi.

"Mwalimu," mzee akauliza kwa upole, "choo cha kwanza kilikuwa wapi?"

"Choo gani?"

"Kile cha kwanza kabisa."

Mwalimu alisema hakumbuki. Kisha akasema hakikuwepo. Kisha akasimama wima, suti na kalamu zake, akasema kwa sauti ya kufukuza watu darasani kwamba amewafundisha watoto wa eneo hili mpaka wakawa madaktari na hajawahi kuulizwa habari za choo. Kwamba tumekuja nyumbani kwake, tumekaribishwa, tumekula chakula chake, na sasa tunamchimba kama mwizi.

Ni kweli niliona haya. Miaka kumi na mmoja ya kukosoa vyumba vya matajiri, na hapa nikamwogopa mwalimu mmoja wa kwetu aliyenikaribisha. Nilikuwa naelekea kuomba msamaha. Kama mdomo wangu ungefunguka wakati ule, leo ningekuwa nimelala juu ya shimo.

Mama alikuwa amekuja mlangoni, anajifuta mikono kwa kanga.

"Mwalimu, aliyekula ni mimi," akasema. "Na nimeshiba, nashukuru. Huyu hajala kitu chako."

Mwalimu alimwangalia mama, akaniangalia mimi, na niliona akipitisha hesabu ile na kupata jibu lile lile. Mama alikuwa amefungwa na chakula, alikuwa mgeni, hakuuliza lolote. Mimi nilikuwa bado mnunuzi.

Aliyezungumza kwanza ni mke wa mwalimu. Aliongea na mumewe kwa Kimeru, polepole, na mwanamke wa Kimeru akiongea polepole ujue hali imekuwa mbaya.

"Nilikwambia jikoni kusijengwe hapa. Ukasema shimo limeshajaa."

Mzee alinivuta kando, karibu na tangi la maji. Nilitaka tuondoke. Aliniambia nipunguze mori. Nyumba yenyewe, akasema, imekaa juu ya mwamba na haijatembea hata kidogo tangu ijengwe. Jikoni kumebandikwa tu, kama mfuko kwenye shati. Unaweza kuukata mfuko na shati likabaki. Ila mtu asiweke sahihi kabla sakafu haijafunguliwa, kwa sababu shimo lililojaa ni kazi ndogo, na shimo lililofunikwa kwa magogo yaliyooza ni kaburi linalosubiri. Nikishaweka sahihi mbele ya wakili, mambo yote hayo yatakuwa yangu.

Nikarudi nikamwambia mwalimu, nikiwa bado peku, kwamba nyumba naitaka. Afungue sakafu nione kilicho chini, kisha tuongee. Kama hafungui, hatuna la kuongea. Alisema kuna mnunuzi mwingine kutoka Nairobi asiyekuwa na maneno mengi. Nikamtakia heri na huyo wa Nairobi.

Wiki tatu zilizofuata sizisifu. Mama hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Alifungua virago akavifunga tena, akifungua akifunga. Baba mdogo alileta miche ya ndizi akaiegemeza kwenye ukuta wa mama, eti isipigwe na jua. Dalali alinipigia kunieleza kwamba mjini wananiita yule mama wa Doha aliyekataa nyumba kwa sababu ya migomba. Na msimamizi wangu wa zamani alinitumia ujumbe kwamba nafasi yangu bado ipo, mpaka mwisho wa mwezi. Niliusoma ule ujumbe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kuna siku niliandika jibu la kukubali, nikalifuta kwa sababu tu niliona kosa la herufi.

Kisha akapiga simu mke wa mwalimu. Hakueleza. Alisema nije Jumamosi, na nije na mzee wangu wa Embu.

Jikoni vitu vyote vilikuwa vimehamishwa, ukuta mtupu. Mwalimu alikuwa amevaa nguo za shamba, na bila suti alikuwa mzee wa kawaida tu. Fundi wake alikuwa ameshang'oa vigae karibu na pale jiko lilipokuwa. Mzee wa Embu akamwonyesha mahali, akatuambia sote tusimame mlangoni. Fundi alipiga sururu mara moja, simiti ikapasuka. Mara ya pili ikazama kidogo. Mara ya tatu sururu iliingia yote, na mpini, ikamtoka mikononi. Tukasikia ikianguka. Ilichukua muda kufika.

Tukamulika kwa tochi. Shimo lilikuwa na kina cha watu wanne, tupu, kilichokuwamo kilishanywea zamani, na chini ya sakafu vilibaki vipande vya magogo vyeusi vilivyolainika kama mkate uliolowa. Kilichokuwa kimeshika jikoni kule kote, jiko, mtungi wa gesi, kabati la vyombo na mke wa mwalimu, ni simiti ya unene wa kiganja na mazoea.

Mwalimu alichungulia. Akarudi nyuma mpaka alipopata beseni lililogeuzwa, akalikalia.

"Krismasi wajukuu hulala hapa," akasema. "Wanatandika magodoro hapa hapa. Mwaka jana walikuwa tisa."

Mkewe alimwekea mkono begani. Hakurudia lile la nilikwambia, na ninamheshimu kwa hilo, mimi ningerudia. Mzee wa Embu, ambaye nilitegemea atatoa hotuba ya saruji, alivua kofia yake akakaa naye chini, wakaongea mambo ya watoto wao. Hakuna aliyepoteza meno.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mwalimu ndiye aliyesema kwanza kwamba jikoni kubomolewe kabla sijachukua nyumba, kwa gharama yake, na shimo lijazwe mawe mpaka juu mzee akiangalia. Mawe yalishuka lori baada ya lori na shimo likayameza bila hata kushukuru. Upande wa juu wa nyumba, kwenye mwamba, tukaacha mahali nitakapojenga jikoni kwangu kudogo nikiweza. Kwa sasa tunapikia kwenye chumba cha tatu na hakuna aliyekufa.

Siku ya kuweka sahihi, wakili mjini alisoma karatasi zake kwa ile sauti ya wakili, ya mtu anayesoma bila kusikiliza. Akafika mahali pa kuuliza kama mnunuzi ameikagua mali na ameridhika nayo. Kwa kawaida hapo watu husema ndiyo na kugeuza ukurasa. Mimi nilimwambia ameuliza vizuri. Nikaanza na mtaro wa upande wa juu, nikaingia kwenye soketi mbili za mapambo, nikamweleza pakiti ya maziwa, unene wa simiti, ujazo wa mawe, na kwa nini gololi ni kifaa bora kuliko vingi vinavyouzwa madukani. Wakili aliweka kalamu chini. Mwalimu, upande wa pili wa meza, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jambo kama mtu anayesahihisha mtihani na kukuta mwanafunzi amejitahidi. Nilikuwa nimefika kwenye bawaba za madirisha mama aliponigusa mkono.

"Weka sahihi tukale," akasema. "Mbuzi yuko kwenye pikapu tangu saa mbili."

Nikaweka.